Chemchemi ya Razmik

Elektrodi kama hii hainunuliwi dukani. Inapikwa.
Unga wa grafiti, matone manne ya mafuta mazito,
unakanda kwenye kinu kidogo cha kauri
hadi vidole viwe kama vya mchoma makaa,
kisha unaushindilia ndani ya mrija
na kuusugua uso wake juu ya karatasi mpaka ung'ae.
Zabel hunicheka: "Unaisinga kama bi harusi."

Lakini kaboni tupu haijali.
Risasi huipita kama mgeni apitavyo sokoni.
Ndiyo maana naipaka utando wa maganda ya uduvi
na chumvi kidogo ya bismuthi.
Si macho ninayoipa.
Ni kiu.

Walituletea chupa thelathini na moja, hapa Vanadzor, ghorofa ya pili,
za mto ushukao kutoka mgodini.
Serob, baba yangu, alileta moja tu,
ya chemchemi. "Kwa kulinganisha," alisema,
"mjue maji safi yanafananaje."

Aliijenga mwenyewe, jiwe jekundu la volkano,
jina la kaka yangu likachongwa juu ya mfereji,
kwa kuwa kwetu aliyekufa kijana
hujengewa maji:
apitaye na ainame, anywe, amtaje.
Razmik alikwenda mpakani akiwa na miaka kumi na tisa.
Risasi moja, chini ya sikio.
Ilikuwa ndogo, walituambia, kama punje ya komamanga.
Sijui kwa nini walituambia hivyo.

Namimina. Tone la asidi. Nafunga dirisha, vumbi lisitangulie.
Volti hasi moja nukta nne, dakika tatu,
maji yakizunguka,
na kila kilicho metali humo kinavutwa, kinatua,
kimya, kama theluji juu ya waya.
Nasimamisha mzunguko. Nangoja.
Kisha naipandisha volti taratibu
na vilivyotua vinang'oka, kila kimoja kwa zamu yake,
kila king'okacho kikiacha kilima kwenye skrini.

Chupa za mtoni zilisema tuliyokwisha kuyajua:
zinki, kadimiamu, zinki, kadimiamu.
Ya baba:
mstari unakwenda bapa, bapa,
na pale kwenye hasi nusu volti
unasimama wima
kama mtu aliyeitwa jina.

Nikasema, nimechafua mimi.
Nikaosha kila chombo kwa asidi, nikapika elektrodi mpya,
nikapima maji matupu: bapa.
Nikarudia ya chemchemi, nikiongeza kipimo ninachokijua, tone kwa tone.
Kilima kikakua kwa hatua zilezile, bila ubishi.
Mikrogramu arobaini na moja kwa lita.
Zabel akatazama, akavua miwani,
akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Mgodi hauhusiki. Mgodi uko bonde jingine.
Mimi nalijua bomba.
Nilimshikia tochi usiku alipoliunga,
bomba kuukuu la kiwanda kilichofungwa,
la kijivu, laini, likubalilo kupindwa.
"Hili halishiki kutu," alisema, akaligonga kwa spana,
na ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu mazishi.
Miaka kumi na moja wamekunywa.
Watoto wa shule. Wachumaji wa parachichi kavu.
Mimi, kila Jumapili.

Ripoti niliiandika mara tatu.
*Kuna risasi kwenye maji ya Razmik.*
Nikaifuta. Nikaiandika tena, maana hakuna namna nyingine.

Basi la Jumamosi. Kwenye begi: karatasi moja,
msumeno wa chuma, mita kumi na mbili za bomba la plastiki.
Baba amekuja kunipokea kituoni.
Ameshika kikombe kwa mikono miwili,
maji yamejaa hadi ukingoni, hayajamwagika njia nzima.
"Kunywa kwanza," asema,
"ndipo uniambie."