Darasa la Udereva, Langoni

Nasomea kuendesha,
usiku hadi nakesha,
bando nikilibakisha:
darasa langu simuni.

Chuo ni kuvuka maji,
nauli yala mtaji,
na Shee bado mnyonyaji,
yuko papa kifuani.

Mwalimu yuko Malindi;
picha huganda, haendi,
kashikwa kama na gundi,
kinywa wazi kiooni.

Usukani ni sinia
la harusi ya Zakia;
breki ni ndara, na gia
ni upawa wa jikoni.

Mwanamkuu hucheka:
“Gari wapi utaweka?
Punda wawili husaka
upenyo hapa Langoni!”

Kweli. Jana, kona moja,
nilisimama kungoja:
punda wa mchanga kaja,
apite kwanza: kanuni.

Mwenye punda, Bwana Lali,
akaniuliza hali:
“Waumwa? Jua ni kali;
pumzika kivulini.”

Mtihani nikapita;
swali moja nikasita:
taa hatujazipata
nyekundu, huku mjini.

Leo Mokowe nakaa
kiti kilichochakaa;
kiganja jasho chajaa;
sinia liko nyumbani.

Kichwa kimeshahitimu,
mkono waona hamu;
mguu haufahamu:
haukuwa darasani.