Mlango wa Uani

Alikuja bila barua.
Ghorofa ya tatu, Kijitonyama, lifti mbovu tangu Machi;
alipanda ngazi akihema, akaomba maji,
akasema hajatumwa, amepita tu.

Jina lake Kihwelo. Shati la kitenge, maana ilikuwa Ijumaa.
Aliuliza habari za mama, za foleni ya Mwenge,
halafu, kama mtu aliyekumbuka chumvi,
akauliza ufunguo wa pili tunauweka wapi.

Nikamwambia hakuna wa pili.
Majibu ya damu yakitoka maabara ya Mbagala
yanafungwa hukohuko, yanafunguka
kwenye simu ya mwenye damu yake.
Sisi wa katikati ni wapagazi:
tunajua uzito, hatujui kilichomo.

Akacheka. "Dada Shemsa, nani kakutajia sheria?"
Kweli, hakutaja. Sheria iko vilevile,
haijaongezwa hata nukta,
Bungeni hakuna aliyegonga meza.
"Huu ni ushauri. Mlango mdogo tu, wa uani.
Hata nyumba ya mama yako inao."

Inao, bwana. Temeke, bati moja na komeo.
Ila kwa mama, hata huko nyuma watu hupiga hodi,
mara tatu, wasipoitikiwa wanarudi walikotoka.
Wewe unataka mlango usiojua hodi.

Sikusema hivyo. Nilisema tutatazama.

Tangu hapo leseni yetu ipo mezani.
Meza ya nani, hakuna ajuaye.
Ukienda Jumatatu, mwenye mhuri yuko safari.
Ukienda Alhamisi, mtandao uko chini.
Mashine zetu mbili zimelala bandarini
zikilipiwa kwa siku kama wageni wa gesti,
na yule wa zabuni ya hospitali
siku hizi kila nikimpigia yuko kikaoni.
Hakuna aliyenikataza.
Mahakamani nitapeleka nini? Kimya?
Nikaishtaki glasi aliyonywea?

Jana Tumsifu, mishahara ikiwa imepita tarehe,
aliniambia kwa sauti ya chini:
"Tukiufungua kidogo tu, dada, nani atajua?"
Nikamwonyesha skrini.
Saa nne na dakika sita usiku, mtu mmoja Mbagala
alifungua ujumbe wake, akaufunga,
akaufungua, akaufunga,
mpaka saa nane.
Ulisema nini, sijui.
Tumsifu akavua miwani, akaifuta, akarudi kwenye kiti chake.

Leo ngazi zina mtu anayehema.
Nimejaza glasi maji.
Nasikiliza kama atapiga hodi.