Baridi Haisahau

Ulisahau kumwaga maji, Endel,
nayo baridi ya Januari haisahau.
Usiku mmoja tu, bloku ya trekta
ikapasuka ubavuni, ufa wa shubiri nzima.

Fundi wa Kuressaare alikuja, akaguna,
akataja bei ya injini nyingine,
kisha akamaliza chai yetu yote.

Basi niko bandani, peke yangu.
Nimetoboa kitundu kila ncha ya ufa
usije ukatambaa tena.
Nimekwangua kutu hadi chuma kikang'aa,
nikakiosha kwa asetoni mara mbili, mara tatu,
maana gundi haishiki penye mafuta.
Ndivyo ile samahani yako ya juzi
ilivyoteleza ikaanguka sakafuni.

Sasa nachanganya: tyubu nyeupe, tyubu nyeusi,
sawa kwa sawa, unga wa chuma ndani yake.
Dakika ishirini kabla haijawa jiwe.
Naishindilia kwa kisu cha mama cha siagi
(usimwambie).

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Na ukuta wa injini
hujengwa na mwashi gani?

Taa ya joto itawaka juu yake hadi alfajiri,
kama ile tuliyowawashia vifaranga.
Kesho nitaipiga tupa, nitajaza maji, nitawasha.

Ikivuja, nitakupigia simu nikutukane.
Isipovuja, nitakupigia vilevile.
Lile kovu la kijivu silipaki rangi:
ukija kupanda viazi,
ulione.