Toleo la Nne

Koplo Mudanya alilileta limekunjwa mara mbili
ndani ya kofia yake ya kazi,
Jumamosi, saa za chai, Eastleigh, Seksheni ya Tatu.
Gazeti la picha: Kikosi cha Radi, toleo la nne.
La kwanza hadi la tatu hatukuwahi kuyaona,
kwa hiyo vita tuliviingia katikati
kama mtu aliyeamshwa na ugomvi wa jirani:
nani alianza kumkosea nani, hatujui,
tulijua tu mwenye uso wa chuma ni adui
na Kapteni Radi hafi.

Mudanya, fundi wa injini za ndege,
alisoma Kiingereza akatoa Kiswahili,
kidole kikiacha grisi kwenye kila kisanduku.
Hakuwa na subira na mchoraji.
"Bunduki haishikwi hivi, huyu angevunjika bega."
"Helikopta hii haina mafuta ya kufika huko. Piga hesabu mwenyewe."
Na kila mlipuko, zile herufi za njano zenye miiba,
aliusoma polepole, kwa sauti ya chini,
asimwamshe kitinda mimba wa Mama Nyaboke.

Jalada la nyuma ndilo lililonitia wazimu.
Kumbe wanauzwa!
Kapteni, mpiga mbizi, yule wa redio,
wa plastiki, urefu wa kiganja,
wanakunja magoti, wanageuza shingo,
kiunoni wameshikwa na mpira, ndani kwa ndani.
Jeshi langu mimi lilikuwa la magunzi.
Halikukunja kitu,
na mbuzi wa Mama Nyaboke alikuwa amekwisha kula maluteni wawili.

Kata hapa, ulisema mchoro wa mkasi.
Nikakata.
Jina, sanduku la posta la shule, pesa za Mudanya,
subiri wiki nane.
Bahasha ilikwisha kutumwa ndipo nilipogeuza karatasi
nikaona dirisha:
nilikuwa nimekata kisanduku cha mwisho cha hadithi,
pale Kapteni anapofungua mlango wa stoo ya baruti
na kusema neno.
Neno lilikuwa njiani kwenda ng'ambo.
Mudanya alicheka akashika mbavu.
"Usijali. Toleo la tano litaanza na neno hilohilo.
Nitalileta Agosti."

Agosti ililetwa na redio.
Jumapili ile tulilala sakafuni, godoro limeegemezwa dirishani,
na milio haikuandikwa popote,
haikuwa na rangi.
Mama aliniziba masikio kwa viganja vyenye harufu ya vitunguu.
Siku zilizofuata walipita mlango kwa mlango
wakiuliza nani anawajua wanahewa.
"Hatumjui mtu," alisema Mama,
na gazeti, na grisi yake, lilikuwa chini ya pipa la unga.

Oktoba kifurushi kilikuja shuleni.
Nilikuwa nimeagiza Kapteni. Walinitumia yule wa redio.
Siku ya pili mpira wake wa kiuno ulikatika,
kifua huku, miguu kule.
Nilimlaza ndani ya kasha la kiberiti.
Sikumwonyesha mtu.

Juzi, kando ya barabara ya Latema,
Ndeto alikuwa ametandaza vitabu vyake juu ya gunia:
jiometri, Biblia isiyo na Mwanzo, mapishi,
na hilo.
Alitaka mia tano.
Nilianzia mwisho, moyo ukinidunda kama wa mwizi.
Dirisha.
Mtoto mwingine, mkasi mwingine,
mkato ulionyooka kuliko wangu.
Ndani ya tundu niliona kidole gumba cha Ndeto.
"Limetoboka," nikamwambia.
"La zamani hilo," akasema, "ulitaka liwe zima?"
Nikatoa mia mbili na hamsini.
Nikalikunja mara mbili,
kisha nikasimama pale, sina kofia.