Mkeka

Ijumaa hiyo mechi iliahirishwa,
basi Dzombo akatuwekea filamu
katika ukumbi wake wa mabati, Mtopanga,
tunamochanikiwa mikeka kila wikendi.
Hamsini mlangoni. Wengine tuliingia kwa deni.

Mwanzo tulicheka.
Jamaa wa kwenye filamu ana timu kumi na moja,
kaziandika kwa kalamu kiganjani,
na mkewe yuwamwosha mtoto, hana habari.
"Kumi na moja! Huyo karogwa," Kombo akasema.
"Angechukua tatu za uhakika, alale."
"Na hiyo odi ni ya uongo," akadakia Shee wa duka la simu,
"timu iko nyumbani, nani ataipa nne nukta tano?"
Wakabishana mpaka tukapitwa na harusi ya shemeji.

Kisha ikaja kona.
Filamu, jamani. Mpira wa waigizaji,
uliopigwa mwaka tusioujua, ukaisha, wakalipwa, wakaenda zao,
na sisi tukasimama.
Benchi la nyuma likaanguka.
Mtu akaniparamia begani: "Tia! Tia ndani!"
Mimi pia nilipiga kelele, nakiri.

Mpira ukagonga mwamba.
Ukumbi mzima ukasema aaah kwa koo moja,
ile aaah yetu ya Jumamosi,
ambayo muuza maziwa akiisikia toka barabarani
hujua kesho nani atajificha.

Halafu cherehani.
Hawakuonyesha akiiuza.
Walionyesha meza tu,
vumbi pande zote, na katikati pasafi,
umbo la kitu kilichokuwapo jana.
Mke kasimama na kitambaa cha sare ya shule,
sindano ya mkono kaiuma kwa meno.
Muda mrefu. Muziki hakuna.
Ikabaki panga boi ya Dzombo, kwikwi, kwikwi.
Shee akakohoa.
Kombo akainama kufunga kamba za viatu,
Kombo, aliyekuja na ndara.

Mbodze alikuwa mlangoni na beseni lake la viazi karai.
Akauliza, wala si kwa nguvu:
"Huyo mwanamke, mbona tangu mwanzo
hawajamwita jina?"

Tulipotoka, ndimi zikarudi.
Mmoja akasema filamu kama hizi zaleta nuksi.
Mwengine: uongo mtupu, eti mwishowe jamaa anaacha,
"nionyesheni mmoja hapa Mtopanga aliyeacha,
nami nitamnunulia soda."
Kijana wa bodaboda alikuwa anafuta macho,
akasema ni pilipili ya Mbodze.
Na Shee, tumeshafika kwenye lami, kila mtu na njia yake,
akageuka akatuita:
"Lakini ile kona ingeingia, unajua ni ngapi?
Milioni mbili, laki tatu na ushee!"
Kumbe muda wote alikuwa anapiga hesabu.
Hakuna aliyemcheka. Tulisimama kidogo,
tukiziangalia hizo pesa.

Mimi sikusema kitu.
Simu ilikuwa imetetemeka mara mbili mfukoni
tangu ile meza tupu.
Tatu zangu zimeshaingia. Ya nne ilikuwa inacheza
katika nchi ambako saa hizo ni mchana,
nchi ambayo ukiniuliza mji wake mmoja, sina.

Nyevu nilimkuta macho.
Kaketi sakafuni na shazia,
anaunga ukili wa mwisho wa mkeka wa watu,
mkeka wenyewe, wa kulalia, wa miyaa,
mia nane ukiisha, na hiyo mia nane
ilikuwa na kazi yake mimi nikiijua.

"Filamu ilikuwaje?"
"Nzuri."
"Yaishaje?"
Nikamwambia sikuiona mwisho, nilisinzia.
Akakata uzi kwa meno.
Akaupapasa mkeka kwa kiganja, kule na huku,
kutafuta palipoachia.

"Nyevu," nikaita.
Sijui kwa nini. Jina tu, kwa sauti, nyumbani kwangu.

"Abee," akaitika bila kuinua uso,
na simu ikatetemeka tena.