Matengenezo Mengineyo

Mvua ya Lugo haina haraka.
Imeketi juu ya mji tangu Oktoba
kama mdai kizingitini,
nami nikaona: hapa pana riziki.

Nimepanga chumba cha mbele kwa Bi Hermitas,
hatua nne kwa tatu, dirisha moja linalovuja.
Sasa niko ofisi ya kodi, tiketi namba sitini na mbili,
nimekumbatia bahasha kama mtoto mwenye homa.

Nyuma ya kioo Bieito Seoane, tai imelegea,
anauliza bila kuinua macho.
Jina la biashara?
Miavuli ya Eladio.
Shughuli?
Natengeneza miavuli.
Anatembeza kidole kwenye orodha:
viatu vina namba yao, saa zina namba yao,
baiskeli, vinanda, hata mazulia.
Miavuli haimo.
“Siku hizi watu hawatengenezi, mama. Wanatupa.”
Anaandika: matengenezo mengineyo.

Mengineyo.
Baba, ndiwe huyo, mzima mzima.
Miaka arobaini ukisukuma gurudumu la kinoo
kutoka Ourense hadi Burgos, filimbi mdomoni,
ukinoa visu vya watu wasiojua jina lako,
ukiunga mbavu za miavuli kwa waya wa uzio.
Ulisema kodi ni mvua ya serikali,
mwenye akili hupita ubavuni mwa ukuta.
Tulicheka. Ulipita ubavuni, ukabaki mkavu.

Hata mikono ilipoanza kutetemeka
tukakuleta kwenye dirisha kama hili.
Karani akatafuta. Akatafuta tena.
Eladio Quintás: hakuna.
Hakuna mchango, hakuna mwaka hata mmoja,
kana kwamba visu vyote vile vilijinoa.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakutuambia kwamba na mtu pia.

Basi nimesaini, mara saba,
kwa kalamu yao iliyofungwa kamba.
Bieito ananieleza robo mwaka:
ushuru unaomtoza mteja si wako,
umelala tu dukani kwako hadi tarehe ishirini.
Usiuguse.

Januari, miavuli kumi na tisa.
Gundi, waya, uzi mweusi, pango.
Mchango wa uzeeni, unaouma kuliko vyote.
Februari, kumi na mmoja:
jua lilitoka siku tisa, jua la hasara.
Mwisho wa Machi nimetandaza risiti kitandani,
najumlisha, natoa, nakosea,
najumlisha.
Paka amelalia ankara ya umeme.
Zangu, yuro mia mbili na sita.
Zao, thelathini na nane na senti.
Nilidhani nitalaani.
Nililaani kidogo.

Tarehe kumi na nane nikaenda kulipa.
Bieito akagonga mhuri,
akatupa jicho mlangoni,
kisha akachomoa chini ya meza mwavuli wa buluu,
ubavu mmoja umening’inia.
“Wa mama yangu. Kiasi gani?”
Nane, nikasema. Na ushuru wake juu.
Mara ya kwanza nikaona meno yake.

Nikamwandikia risiti palepale, namba hamsini na tatu,
na juu yake, kwa herufi kubwa,
ELADIO,
upande huu wa kioo na upande ule,
wakitafuta watakuta.