Sauti Tatu na Mchakacho

Duka langu la gemu lipo Shela, Malindi, uchochoro wa pili:
televisheni nne, viti vya plastiki, feni moja inayokohoa.
Dakika kumi shilingi kumi. Mkopo hakuna,
nimeandika ukutani kwa rangi ya kucha ya dada yangu.

Baba hakuwahi kuingia.
Akipita huuliza kutoka mlangoni, "Hao mbu wako hawajalala?"
Mbu ndio muziki wa gemu. Yeye alikuwa mtu wa tarumbeta,
miaka kumi na tisa katika hoteli ya barabara ya Kasuarina,
shati jeupe, koti la kuazima, jazi kila Ijumaa
kwa watu waliokula kambakoche wakimpa kisogo.

Walikuwa saba. Msimu mmoja wageni wakapungua
na meneja akashika kalamu.
Akakata piano. Akakata saksofoni mbili. Ngoma ziliuzwa;
Thoya akabakizwa na fagio la waya
na sinia la shaba kutoka jikoni.
Famau na besi lake, Taufiki na gitaa, Baba.
"Sauti tatu na mchakacho," alipenda kusimulia,
"na usiku ule tulipiga kuliko siku zote,
maana jazi ni kujaza, mwanangu:
palipotoka mtu utie kitu,
au uliache pengo likae kama umelikusudia."

Sikumsikiliza. Nilikuwa natafuta waya wa chaja.

Kisha hoteli ikafungwa. Tarumbeta ikaenda kwa fundi saa,
ikageuka ada yangu ya kidato cha tatu.
Kinywa chake tu, kile cha kupulizia,
Baba alibaki nacho mfukoni,
kama mtu aliyeuza nyumba akasahau kurudisha kitasa.

Alhamisi moja ya mvua alikuja kuomba pesa za dawa ya sukari.
Lali, mtoto wa muuza mabuyu, alikuwa kwenye mashine kongwe,
ile ninayowapa wasiotimiza shilingi kumi,
kijitu chake kimezama majini, hatua ya tatu.
Baba akanyamaza, mkono bado ameunyoosha.
"Mashine hii ina sauti ngapi?"
Nikamwambia nijuavyo: tatu,
na ya nne si sauti, ni mchakacho, wanaufanya ngoma.

Akavuta kiti.

"Sikia besi linavyotembea. Halikanyagi, linapapasa.
Sikia huyu wa juu anavyochelewa makusudi,
kama mgeni anayejua mlango hautafungwa.
Aliyetunga haya, naye alikatiwa bendi."

Lali akakaribia mlango wa hatua ya nne.
Baba akamshika bega:
"Usiingie. Ukiingia watabadilisha wimbo."
Basi kijitu kikaelea pale pale, kikipanda, kikishuka,
na wimbo ukarudi mwanzo, ukarudi, ukarudi,
na Baba akatoa kile kinywa, akakifuta kwa kanzu,
akapuliza.
Kinywa bila tarumbeta hutoa sauti ya,
nisameheni,
ya mbu.

Watoto walicheka hadi kiti kikavunjika mguu.
Lakini mzunguko wa pili hakurudia alichopiga wa kwanza,
na wa tatu alipiga noti mbili tu, akaacha pengo,
na pengoni nikaisikia mashine,
mashine isiyojua kitu, inayosema neno lile lile tangu nizaliwe,
ikimjibu.

Dakika za Lali ziliisha saa ngapi, sijui.

Umeme ulikatika katikati ya mzunguko. Feni ikatulia.
Juu ya mabati mvua, mchakacho mtupu.
Baba akaendelea,
na Lali, gizani, vidole bado viko kwenye vitufe
vya mashine iliyokufa,
akawa anabonyeza: tak,
tak-tak,
tak.